Jina Si Kamba

Tõravere, mwezi wa tatu. Theluji imelala juu ya kuba la darubini
kama mgeni asiyejua kuaga.
Saa tisa za usiku kompyuta ikanipa namba
niliyoitafuta miaka sita,
na sikuipenda.

Galaksi mia nne na kumi na tatu.
Nilizichambua moja moja, kama mama alivyochambua beri za kinamasi,
hii nzima, hii imeliwa,
nikazipima mwendo, nikaona zinafuatana:
uzi wenye mafundo, unaning'inia gizani.
Nikauita Mkufu wa Leida. Leida ni bibi yangu,
aliyekufa bila mkufu.

Bwana Hillar, aliyenifunza, aliuliza mara moja tu:
"Ni kitu kimoja, Maarika,
au ni vitu vilivyosimama karibu karibu?"
Kisha akarudia kahawa yake iliyopoa.

Hesabu yenyewe si ngumu.
Kila uzito una ua wake.
Ndani ya ua uvutano ndio mwenye nyumba:
aliyetoka mbio huchoka, hugeuka, huanguka mlangoni.
Nje ya ua, anga linatanuka na halimngoji mtu.
Umbali huzaa umbali, kama riba.
Na ua hauhongeki:
rundika uzito mara nane,
mpaka utasogea mara mbili tu.

Mkufu wangu una urefu wa miaka-nuru milioni mia mbili.
Ua wake, kwa uzito wote niliouona
na ule usioonekana nilioukisia,
unaishia milioni thelathini na sita.

Nikakaa.
Bomba la joto likagonga ukutani, likanyamaza.

Mjomba Aadu alikuwa akivusha vitunguu Peipsi kwa sleji,
ziwa likiwa barafu kutoka ng'ambo hadi ng'ambo.
Mwezi kama huu. Akasimama kuwasha kiko,
ufa ukapita kati yake na sleji,
upana wa kiganja. Angeweza kuuruka.
Akamalizia kiko.
Alipoinua macho palikuwa na maji ya kuogelea farasi.
"Kipande changu kilikuwa kizima," alikuwa akisema,
kila Krismasi, kwa mshangao uleule,
"hakikunyooka hata unywele.
Ila vitunguu vilikuwa vinaondoka."

Ndivyo ilivyo. Meza hii hainyooshwi na anga,
wala mfupa wa mkono wangu, wala jua na sayari zake.
Andromeda yenyewe inakuja kwetu, taratibu, haina haja ya barua.
Lakini lile Kundi la Mashuke, zito kuliko sisi mara nyingi,
linatuvuta usiku na mchana
na bado tunaondoka.
Linachelewesha tu kuaga.
Iko siku, mbali mno kuitia kwenye kalenda,
atakayechungulia kutoka hapa ataona kisiwa chake,
na baada ya kisiwa, weusi,
na ataapa kwamba hapajawahi kuwa na kingine.
Hatakuwa mwongo.

Saa mbili asubuhi nikamwekea Hillar karatasi mezani;
hasomi kwenye kioo.
Akasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai.
"Kwa hiyo si kimoja."
"Si kimoja."
"Na jina?"

Nilikuwa nimeandaa jibu, usiku kucha,
juu ya majina na kamba na vitu vinavyoitwa kabla havijapotea.
Halikutoka.
Akachukua penseli, na pembeni ya *Mkufu wa Leida*
akaandika kwa herufi zake za kulala:
*kwa sasa.*

Tukatoka kukwangua barafu kwenye kioo cha gari lake.
Injini ilikataa mara tatu.
Nikasukuma.