Chini ya Ngome ya Spiš

Siku ya tatu kamera imesimama kwa miguu yake mitatu
kwenye matope ya shamba la viazi la watu,
nami nangoja wingu liondoke juu ya ngome.
Wapi. Kilima kimejifunika gubigubi
kama mgonjwa asiyetaka wageni.

Bi Otília apita na ndoo ya makombo.
Aitazama lenzi, anitazama mimi,
acheka kwa pua.
“Ngome?”
Kidole chake hakipandi mlimani. Chaonyesha banda.

Kwa ishara, na Kijerumani cha kuokoteza, nimeelewa hivi:
babu wa babu yake alipanda na mkokoteni,
akateremka na jiwe.
Kesho yake, jiwe.
Mpaka nguruwe wakapata ukuta.

Nachuchumaa.
Jiwe moja lina nakshi: nusu ya ua,
ubawa wa ndege asiye na kichwa,
na nguruwe ajikuna mgongo hapohapo,
macho kayafumba, kwa raha zake za kifalme.

Nabonyeza. Nabonyeza tena.

Joto lanigusa kisogoni. Jua limetoka;
huko nyuma yangu ngome nzima lazima iko wazi.

Sigeuki kwanza.
Nguruwe hajamaliza.