Mshona Magodoro wa Langoni

Godoro halijui kusema uongo.
Nalilaza kwenye jamvi, napasua mshono,
sufi inafura kama uji jikoni,
na kabla sijauliza jina la mwenyewe
najua amelalaje, na kama amelala.

Hili ni la kitukuu cha Bi Mwanashee.
Miaka mitatu. Ramani za mikojo, bara juu ya bara,
na shimo moja katikati, duara, kama kiota.
Hapo huanguka saa mbili za usiku
akalala kama pono, mdomo wazi,
hata punda akilia chini ya dirisha.
Mama yake alinishtakia: "Huyu analala mno."
Nikamwambia, muache. Anajengwa gizani,
na mafundi wake hawapendi kutazamwa.

Hili la Famau, kidato cha tatu.
Limebonyea upande mmoja tu, wa ukutani,
penye soketi na waya wa simu.
Upande wa pili uko kama siku niliyolishona.
Saa nane za usiku kidole chake bado kiko macho.
Asubuhi mwalimu akiuliza Mto Tana unamwaga wapi,
yeye hujibu, "Ndiyo."

La Rukia, aliyejifungua majuzi,
limechakaa ukingoni, upana wa kiganja,
upande wa susu.
Halali; anauchungulia usingizi mlangoni.
Nililirudisha bila kuchukua senti,
nikamwambia mumewe:
"Godoro nimelitengeneza mimi.
Zamu za usiku zitengeneze wewe."

Shebwana hulinda benki usiku, hulala mchana.
Lake lina vishimo vitano, vidogo,
kila kimoja cha nusu saa,
maana mchana wa Langoni haumpi mtu zaidi:
patasi za wachonga milango, mikokoteni,
watoto wa chuo wakikokota alifu, bee, tee.
Nilimshonea pazia jeusi, mara mbili nene.
Wiki ya pili alipita dukani, akanitolea salamu
kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Ya kwake.

Na la Bi Mwanashee mwenyewe:
nyayo mbili za paka, hafifu,
moja ya kabla ya saa tisa, moja ya adhuhuri.
"Ujanani ulinikamata popote, mwanangu, hata ngomani.
Sasa ni mgeni wa kuandaliwa.
Naosha miguu, nazima taa,
chai siigusi baada ya alasiri.
Siku nyingine haji.
Lakini akija, aikute nyumba imefagiwa."

Mimi je?
Mimi nilikuwa nikijigamba. Msimu wa harusi,
kahawa chungu, taa hadi saa tisa,
sindano ikienda na kurudi.
Nilisema kulala ni kwa wenye hisa.
Mpaka siku niliyoshona mkono wa kanzu yangu
ndani ya godoro la bibi harusi,
nikasimama, na godoro likasimama nami.
Watu walicheka. Nami nilicheka.
Jioni ile nikamwita binti yangu
kwa jina la shangazi yake marehemu,
mara tatu,
na hapo hakuna aliyecheka.

Daktari alinifunga kamba ya presha mkononi.
"Unalala saa ngapi?"
Nikalitafuta jibu
kama sindano iliyoangukia kwenye sufi.

Jana nimelifungua la kwangu.
Miaka ishirini sijaligusa.
Sufi imeshikana, ngumu kama kumbi,
na katikati hamna shimo,
hamna alama ya mtu.

Nimeichambua kutwa nzima, nimeianika darini,
nimeirudisha kwenye marikani mpya.
Isha imeshaadhiniwa. Ina joto la jua bado,
inanukia kama kifua cha mtoto.

Mtu anabisha hodi dukani.
Mwambieni kesho.