Ampea Hamsini na Tano

Luvanda hakufungua boneti kwanza.
Alilizunguka gari mara moja, mikono nyuma,
kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani,
akahesabu kwa kidevu: winchi, taa nne za ukungu,
redio koli, jokofu la chanjo nyuma ya kiti.
"Daktari," akasema,
"umealika ukoo mzima, na chungu ni kimoja."

Nikamjibu kwamba nimefunga betri mbili.
Akacheka, akifuta mikono kwa tambara.
"Betri ni ghala. Hailimi.
Jenga maghala kumi hapa Mwanjelwa,
kama shamba ni robo eka
utavuna robo eka."

Ndipo nikamsimulia usiku ule wa Juni
juu ya Kikondo, ukungu mzito kama uji,
taa zikififia hadi rangi ya kiini cha yai,
waipa ikipanda kioo nusu na kurudi
kama mtu aliyesahau alichofuata.
Nikazima taa. Nikazima redio.
Nikabaki gizani na jokofu peke yake,
dozi mia nne za ndama wa watu
nyuma ya shingo yangu.

"Nje kulikuwa na sakitu?" akauliza kijana wake, Tweve.
"Nyeupe mpaka barabarani."
"Si ungeziweka tu nje?"

Chanjo si maziwa, nikamwambia.
Joto huiua, na kuganda huiua.
Kati ya vifo hivyo viwili kuna nyuzi sita tu,
na mimi nilikaa humo mpaka alfajiri
nikitazama kipimajoto kwa mwanga wa simu.

Altaneta mpya haikuwa mpya.
Ilitoka kwenye lori lililopinduka Mlima Nyoka,
ampea mia na thelathini,
nzito kama mtoto wa miezi sita.
Haikukaa. Siku nzima haikukaa:
breketi ikakatwa, ikachomelewa, ikakatwa tena,
puli ikapishana na mkanda kwa unene wa kucha,
na Luvanda, shavu juu ya injini, jicho moja amelifumba,
akitukana kwa Kikinga, lugha ninayoielewa nusu.
Nusu hiyo ilinitosha.

Kisha akang'oa waya wa zamani.
"Mto umekua, mfereji ubaki ule ule? Utaunguza nyumba."
Akavuta mwingine, mnene kama kidole gumba,
toka altaneta hadi fyuzi, toka fyuzi hadi betri,
na kwa ajili ya ule wa ardhi akaikwangua chesisi
rangi, matope, kutu,
mpaka chuma kikang'aa.
"Watu husahau njia ya kurudi," akasema.
Sikujua kama bado anazungumzia umeme.

Saa kumi na mbili jioni nikawasha.
Mkanda ukalia kidogo, ukanyamaza.
Sindano ikasimama kwenye kumi na nne.
Taa: kumi na nne.
Jokofu, waipa, redio: kumi na nne,
ila injini ikashusha sauti
kama mchukuzi aliyeongezewa gunia,
ikajikaza, ikaendelea.
Luvanda akainua kidole. "Umesikia?
Hapo dizeli inalipa."

Ile ya zamani nilitaka kuitupa.
Tweve akaifunga kwenye mfuko wa mbolea
nikaipakia hadi Ipelele, kwa mjomba wake,
mwenye kijito nyuma ya zizi,
gurudumu la mbao lenye makopo ya rangi,
na betri chakavu ya kuiamshia.

Wiki tatu baadaye nilipita na chanjo ya pili.
Balbu moja, ya gari, inaning'inia juu ya ndama,
ikipepesa kila kijito kinapokohoa.
Nikadunga sindano bila kung'ata tochi,
mara ya kwanza katika miaka kumi na moja.

Jana mjomba kapiga simu.
Hata hakusalimia.
Anataka mkanda.