Gamba Katika Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kitabu changu kimerudi kutoka chumba cha pili
kikinuka dagaa, kimevimba kidogo
kama kitu kilicholala nje.
Nilitaka kukasirika.

Nilimwazima Nkwimba Jumapili,
nikamwonya: ukikaribia mwisho, shika kitambaa.
Mimi mwenyewe, mwalimu wa darasa la sita,
nililia mpaka taa ya sola ikanizimikia,
yule bwana alipokufa mbali na mama yake,
kurasa tatu nzima anakufa,
tena kwa maneno mazuri.

Nafungua. Mwishoni ni pakavu.
Hapana alama, hapana hata mkunjo.
Gamba liko ukurasa wa arobaini na moja,
dogo, jeupe, limeganda juu ya mwanamke asiye na jina
aliyepeleka chungu sokoni, kikakosa mnunuzi,
akarudi nacho kichwani.
Basi. Mistari miwili.
Mwandishi hakumtazama tena.
Wala mimi.

Nikamfuata ufukweni, Igombe,
kwenye vichanja, anageuza dagaa kwa ufagio wa chelewa.
"Ulilia hapa?"
"Sikulia. Nilisimama.
Nilitaka kujua jioni ile walikula nini."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Nami miaka yote nikidhani
kitabu ndicho kitanda cha kuazima:
unajilaza usiku mmoja, unaumwa,
asubuhi unajua.
Nimelala vitanda vingapi vya watu wa mbali,
nikajikuna kwa niaba yao,
na ukuta huu wa matofali ya kuchoma
unapitisha kila kikohozi cha mwanawe, Luhende,
nami huugonga kwa kisigino cha kiatu
anyamaze,
nisome.

Nikaanza kumwambia pole.
Ni neno jema. Lugha yetu hulitoa bure
kwa aliyejikwaa, kwa aliyefiwa, kwa anayetoka kazini,
hata kwa kosa ambalo hukulitenda.
Lakini siku ile lilinitoka limepigwa pasi,
lina mikunjo miwili iliyonyooka, kama suruali ya mgeni rasmi.
Akanitazama anavyomtazama dalali
anayeanza kwa kuusifu mzigo.

"Mwalimu, usinihurumie hivyo.
Wale wa kitabuni ukiwafunga hawaulizi uji.
Sisi ukitufunga
tunaendelea kukohoa."

Sikuwa na jibu. Na upande wa Ukerewe
wingu lilikwisha kuinama, ziwa limegeuka rangi ya sufuria,
wanawake wa vichanja vya mbele wanaitana kwa majina.
"Shika ncha ile," akasema.
Turubai likajaa upepo, likanivuta mpaka majini,
viatu vya shule vikanywa tope.
Tulifunika vichanja vinne. Cha tano kililoa.
Alikitazama kile cha tano kitambo,
midomo ikihesabu kitu,
na mimi, kwa mara ya kwanza, nikahesabu naye:
debe moja na nusu, kodi ya mwezi,
dawa, daftari la hesabu la mtoto
ambalo nilimchapia kwa kutokuwa nalo.

Ndiyo. Nilimchapa.
Hili kwenye kitabu ningelipigia mstari kwa kalamu nyekundu,
ningemchukia mwalimu huyo kurasa mia.

Gamba sijalibandua.
Nimeusoma tena ukurasa ule mara nne, tano,
namfuata mwanamke hadi pale wino unapomwacha,
ninabaki nimesimama njiani
na chungu chake kinapungua kwa mbali.

Saa tisa usiku kikohozi kikaanza.
Mkono ulikwenda kwenye kiatu wenyewe, kwa mazoea.
Nikaurudisha.
Nikasikiliza kama msomaji asiyejua mwisho:
kikavu, kisha kirefu, kisha sauti ya mama
inaimba kitu kisicho na maneno.
Nikachemsha maji, nikayatia kwenye chupa ya chai,
nikavaa ndala, nikaenda kugonga,
safari hii mlangoni.

Alifungua nusu.
Hakushukuru, hakushangaa.
"Ingia," akasema, "lakini angalia beseni,
paa linavuja hapo."