Hana Sifa

Kandete, saa mbili asubuhi, ukungu bado umekalia migomba.
Madodoso nimeyafunga ndani ya mfuko wa nailoni,
kalamu nimeichomeka kwenye nywele,
pale pale tulipokatazwa siku ya mafunzo.

“Ugonile,” nasalimia. Mama Sekela ananiletea kigoda,
anakifuta kwa upindo wa kitenge, anakifuta tena.

Swali la kwanza, umri.
La pili: umeishi hapa miaka mitano mfululizo?
Anacheka. “Hata kaburi langu nimeshalipalilia.”
Nazungushia Ndiyo.
La tatu: unapikia kuni?
Moshi unajibu kabla yake,
unatoka chini ya bati, unateremkia chai ya jirani.

Tunakwenda vizuri. La nne, la tano, la sita.
Ila kila nikifika mwisho wa swali
naona shingo yake inakaza,
kama mtu aliyezuia mlango kwa mgongo
na nje kuna anayesukuma.

Najua anachokizuia.
Utafiti wetu unataka vifua vizima,
tuvifuate miaka mitatu, tupime moshi unavyovila.
Kifua kilichokwisha kuliwa hakitufai.
Na kijijini wameshaambizana: wanaochaguliwa
wanapelekwa Tukuyu kwa gari,
wanapigwa picha ya mapafu bure.

La saba nalisoma polepole, neno kwa neno:
“Katika wiki nne zilizopita, je, umekohoa?”

“Hapana,”
na neno linapasuka katikati.
Anakohoa hadi kuku wanatoka chini ya uchaga,
anakohoa ameinama, mkono mmoja juu,
ananiomba nisubiri, nisiandike kwanza.

Nasubiri.
Kisha naandika.

“Umeandikaje?”
“Hana sifa.”
“Mimi?” Anajifuta macho. “Nimezaa sita.
Nimechuma chai ya watu mpaka vidole vikawa vyeusi.
Nimemzika mume bila kukopa jeneza.
Sina sifa?”

Fomu haina nafasi ya maelezo.
Nyuma ya vocha iliyokwisha namwandikia jina la tabibu
na siku ya kliniki.
Habari ya nauli siigusi.

Ananifungia magimbi ya moto kwenye jani la mgomba.
“Kale na hao wenye sifa.”

Nashuka utelezini, magimbi yananichoma ubavu.
Nyumba inayofuata, mbwa ameshaanza kubweka.