Usi

Mkono kwanza. Urudi kitandani pake, ulale,
ndipo uiguse santuri.
Hivyo alivyonifunza Bi Somoe, Langoni,
katika chumba cha juu chenye zidaka
zilimosimama santuri zake wima, zote wima:
ukizilaza, joto huzipinda.

"Sahani yazunguka nawe watia vidole?
Ngoja isimame. Kwani kuna mtu anazaa?"

Shika kandokando, kwa viganja.
Kidole kina mafuta, mafuta huita vumbi,
na vumbi la Amu lina chumvi ndani yake.
Kitovu kiingie kijitini bila kulazimishwa.
Futa kwa kipande cha kanzu kuukuu,
fuata mzunguko, usikate njia.
Kisha teremsha sindano ukingoni,
pale peusi pasipo na wimbo bado,
na pumzi uizuie.

Nilikuwa na miaka tisa. Niliizuia.
Punda wa Shekuwe, chini kichochoroni,
hakuizuia yake.
Mkono ukaniponyoka, ukakimbia upande upande
kama kaa.

Kovu lenyewe hulioni. Labda ulaze taa:
unywele mmoja.
Lakini mwimbaji akifika pale pa kuomba
*usinisahau*
sindano huruka, naye, masikini,
kwa kilio kile kile, husema
*nisahau.*

Nikangoja kofi. Bi Somoe alikuwa akichambua mchele.
Akaniambia rudia.
Akacheka hata ungo ukamwagika.
"Mume wangu yuko Jidda mwaka wa sita.
Huyu ndiye wa kwanza kuniimbia kweli."

Tangu hapo ile *usi* akaitia mwenyewe,
toka jikoni, toka darini akianika nguo,
pini za ushungi mdomoni.
Siku ya arusi ya Mwanaidi wanawake wote waliijua,
ukumbi mzima ukapiga kelele: *usi!*
Siku nyingine aliiacha ipite.
Sikumuuliza.

Juzi nimeusikia wimbo huo redioni,
dukani Mkomani, mzima, hauna kovu.
Nikasimama na mkate wangu mkononi.
Nikaona wamekosea.

Santuri sasa ni zangu, na zidaka, na ungo.
Nazima. Nangoja isimame.
Kandokando, kwa viganja.
Najua mstari unaotangulia, najua hata kohozi dogo
la mpiga fidla kabla yake,
nakaa tayari, mdomo wazi,

na bado kila usiku *usi* yangu
hufika nyuma ya *nisahau*.