Ukurasa wa Arobaini na Nane

Mama alinunua kwa kilo, pale soko la Mgandini,
vitabu vilivyokatwa migongo,
vya kufungia vitumbua.
Kimoja kilikuwa cha Kiingereza, kidato cha tatu,
kidato changu.
"Soma upesi," akaniambia, "kabla sijaanza kuuza."

Basi nikawa nasoma alfajiri,
vishimo vya chuma vikitokota mafuta,
moshi ukinitoa machozi ambayo hakuna aliyenichapa.
Maneno kumi kwa siku, ndiyo amri ya Mwalimu Shekuwe,
na kila neno ulitungie sentensi
isiyo na baba, isiyo na ng'ombe.
"Nimechoka na ng'ombe wenu," alisema.
"Ngamiani yote hii, nani ana ng'ombe?"

Lugha yetu ukiiandika inajisema yenyewe.
Hii nyingine ina wageni wasiotoa salamu:
kisu chao kinaanza na kei
iliyoketi kibarazani kimya, haiombi hata maji;
kisiwa chao kina esi iliyozama;
na deni lao lina bii imejificha katikati.
"Kama langu kwa Mangi," Mama akacheka.

Yeye hajui Kiingereza, hata cha kuombea njia.
Ndiye anayenisikiliza.
Spoki ya baiskeli mkononi, anageuza kitumbua,
ananisahihisha kwa sikio:
"Hilo jana ulilipanulia mdomo.
Leo umelimeza. Rudia."
Nikafungua kamusi.
Kweli, nililimeza.

Ukurasa wa arobaini na saba alikuwepo mwanamke
anavuka daraja bovu, sanduku kichwani.
Sanduku la nini, hawakusema.
Nilisoma kwa kidole, neno kwa neno,
nikapiga mstari chini ya yale nisiyoyajua,
hadi mwisho kabisa wa ukurasa:
hata hivyo, aligeuka nyuma, na alipotazama,
mkato.
Arobaini na nane ilishauzwa.

"Vitumbua vinne," Mama alikumbuka, "vya Semboja."
Nikatoka mbio hadi barabara ya kumi na nne,
sare nimevaa, kiatu kimoja hakijafungwa.
Semboja ameketi katikati ya magurudumu,
vitumbua tumboni,
na ukurasa umeshafuta mnyororo.

Grisi pembe hadi pembe.
Pasipo na grisi, mafuta yameugeuza kioo.
Nikauinua juani,
mbele na nyuma vikasomeka pamoja, vikipigana:
kamba, kamwe, alipiga, jirani,
na chini kabisa, pasafi, swali la nne:
Kwa maoni yako, je, alitenda sawa?

"Inasemaje?" Semboja aliuliza.
Nikaona haya kusema sijui.
Nikamsomea ambayo hayakuwepo:
kwamba daraja lilikatika nyuma yake,
kwamba ng'ambo ya pili jirani alimwita,
akimwonyesha kamba,
naye hakurudi kamwe.
Semboja akaweka spana chini.
"Na sanduku?"
Kwa Kiingereza nisingekuwa na neno.
Kwa Kiswahili nilikuwa nayo mengi mno,
nikashindwa lipi la kumpa.

Darasani sikunyoosha mkono.
Nyuma ya daftari niliandika yote upya, kwa lugha yao,
nikikopa maneno kwa Zamoyoni, jirani yangu wa dawati,
na nyakati zangu zikigongana,
mwanamke amevuka, anavuka, atavuka,
lakini ng'ombe hakuwemo.
Mwalimu akalichukua daftari, akasoma akiwa amesimama,
kalamu nyekundu ikachomoka mara kumi na moja.
Kisha akauliza, kama Semboja:
"Na sanduku?"

Usiku, unga ukiumuka ndani ya ndoo,
nilimsomea Mama kuanzia darajani.
Hakuelewa neno. Alisikiliza lote.
"Hapo karibu na mwisho umesita," alisema.
"Hujui kulitamka,
au wewe mwenyewe huamini?"

Nikarudi mstari wa kwanza.